Mshenga wa Mkorosho

Mti hauwezi kwenda kuposa wenyewe. Sharti utume mshenga, naye huwa upepo, mdudu, ndege au popo. Katika vizazi visivyohesabika, maua yaliyomvuta mshenga wa mahali pale ndiyo yaliyoacha mbegu, na mengine yakatoweka. Ndiyo sababu mbuyu wa nchi kavu za Afrika Mashariki hufungua maua yake makubwa meupe wakati wa magharibi, yakiwa yamening'inia: yamngoja popo.

Lakini mti uhamishwapo, mshenga akabaki ng'ambo, huwaje? Mvanila uliotolewa Meksiko ulichanua kisiwani Réunion miaka mingi pasipo kuzaa ipasavyo, maana ndani ya ua lake mna utando utengao sehemu ya kiume na ya kike, na mdudu ajuaye kuupita hakuwako. Mwaka 1841 mtumwa wa miaka 12, Edmond, ambaye baadaye aliitwa Albius, aligundua njia ya kuuinua utando huo kwa kijiti na kidole. Hata leo mvanila ulio ugenini huposewa kwa mkono wa mtu.

Mkorosho, ulioletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, haukupatwa na msiba huo. Maua yake ni madogo, ya wazi, yenye harufu tamu. Shada moja huchanganya maua ya kiume na yale yenye jinsia zote mbili, nayo hayamfungii mlango mdudu mdogo yeyote. Ulipopandwa katika ardhi ya mchanga ya Newala na Masasi, juu ya uwanda wa Makonde na kando yake, nyuki na nzi wa huko waliupokea kama mzaliwa wa kwao. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani zipatazo 145,000, nyingi zikitoka kusini.

Kisha mavuno yakaanguka. Watu walihamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao, na bei ilikuwa duni. Mwaka 1979 ukatambuliwa nao ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu ushambuliao mashada machanga kabla maua hayajafunguka. Mshenga alifika akakuta mlango umefungwa. Mwaka 1986/87 zilivunwa chini ya tani 20,000. Wakulima wakafundishwa kuyapulizia maua salfa, na mikorosho ikarudi kuzaa. Tangu hapo mkulima mwenyewe amekuwa mlinzi wa posa hiyo; naye hana budi kukumbuka kwamba dawa imwuayo mdudu mharibifu yaweza kumwua na mshenga.