Muhuri na Amana Yake

Katika vyombo vyote vitumikavyo juu ya karatasi, muhuri ni mdogo kuliko vingi, lakini hapana chombo kinachoaminiwa kuushinda. Wewe msomaji umekwisha kuuona mara nyingi. Umo katika ripoti yako ya mwisho wa muhula, umo katika cheti chako cha kuzaliwa, na umo katika barua ya ruhusa ambayo bawabu huitazama kabla hajakufungulia lango. Barua ikiwa na maneno mazuri lakini haina muhuri, utarudishwa. Ikiwa na maneno machache tu na muhuri upo, utapita. Je, kijipande hiki cha mpira kilichogandishwa juu ya mti kimeipata wapi nguvu hiyo?

Ukiifuata historia utaona kwamba tangu zamani muhuri umetunzwa mara mbili. Umetunzwa kama chombo, ili chapa yake isififie. Na umetunzwa kama amana, ili chapa yake isiseme uongo. Utunzaji wa kwanza ni kazi ya kitambaa na maji. Utunzaji wa pili ni kazi ya moyo, nao ni mgumu zaidi.

Yapata miaka 3500 kabla ya Kristo, katika nchi ambayo leo huitwa Iraki, watu walichonga vijiwe vya mviringo mfano wa vipande vidogo vya mwanzi. Juu ya kijiwe walichora wanyama, watu na miungu yao. Kijiwe kilipoviringishwa juu ya udongo mbichi, picha zile zilitokea kwa mfululizo. Mlango wa ghala la nafaka ulifungwa kwa kamba, fundo la kamba likapakwa udongo, na udongo ukapigwa muhuri. Mwizi aliweza kuuvunja udongo ule kwa kidole, lakini hakuweza kuurudisha ulivyokuwa. Muhuri haukuzuia mkono wa mwizi, ulimtoa hadharani. Vijiwe vingi vilitobolewa katikati vipate kutiwa uzi na kuvaliwa mwilini, maana mwenye muhuri hakutaka kutengana nao.

Wakati huo karatasi ilikuwa haijapatikana. Wamisri waliandika juu ya mafunjo, mmea ule ule uotao kandokando ya Ziwa Naivasha na Ziwa Viktoria. Walichana shina lake vipande vyembamba, wakavipanga safu mbili zilizokingamana, wakavigandamiza mpaka vikashikana. Wayunani waliliita jani hilo la kuandikia khartes. Waarabu wakalipokea neno hilo wakasema qirtas. Nasi tukalipokea kwa Waarabu tukasema karatasi. Hivyo kila unapotamka neno karatasi, unautaja mmea wa ziwani bila ya kujua.

Karatasi yenyewe ni kazi ya Wachina. Mwaka 105 baada ya Kristo, mtumishi wa ikulu jina lake Cai Lun alimpelekea mfalme wake taarifa ya namna ya kuitengeneza kwa magome ya miti, katani, matambara na nyavu kuukuu za kuvulia samaki. Mabaki ya karatasi za zamani zaidi yamegunduliwa, kwa hiyo wataalamu husema kwamba Cai Lun aliiboresha kazi iliyokwisha kuanza. Vitu hivyo vililowekwa, vikapondwapondwa mpaka vikawa uji, na uji ukachotwa kwa chekeche pana. Maji yalidondoka, nyuzi zikabaki zimeshikana, na utando ule ulipokauka ukawa karatasi.

Karatasi iliubadili muhuri. Juu ya udongo muhuri uliacha shimo. Juu ya karatasi ulihitaji wino. Wachina walichovya mihuri yao ya mawe katika rangi nyekundu, wakaibandika chini ya barua, hati na picha za kuchorwa. Toka hapo haikuwa safari ndefu kuchonga ubao mzima wenye maandishi ya ukurasa, kuupaka wino na kuulaza karatasi juu yake. Kitabu cha namna hiyo, chenye tarehe ya mwaka 868, kiligunduliwa katika mapango ya Dunhuang, nacho kimehifadhiwa London. Basi kitabu kilichopigwa chapa ni mtoto wa muhuri.

Elimu ya karatasi ilisafiri kuelekea magharibi. Katika karne ya nane ilitengenezwa Samarkand, na kabla karne hiyo haijaisha ilitengenezwa Baghdad. Katika karne ya kumi na tatu mji wa Fabriano katika Italia ulikuwa maarufu kwa kazi hiyo. Karatasi ilifika pwani yetu kwa majahazi. Kwa karatasi kama hizo Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, na kwa karatasi kama hizo waandishi wa Siyu walinakili misahafu ambayo uzuri wake bado unastaajabisha. Hata neno letu muhuri lilitujia kwa njia ya bahari, maana asili yake ni Kiajemi.

Sasa natuangalie jinsi watu walivyoitunza amana hii. Yasimuliwa katika hadithi za Kiislamu kwamba Mtume Muhammad alipotaka kuwaandikia wafalme wa nchi nyingine, aliambiwa kuwa hawaipokei barua isiyo na muhuri. Akafanyiwa pete ya fedha iliyochorwa maneno ya utume wake. Baada yake pete ilikaa mkononi mwa Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman. Siku moja Uthman alikuwa ameketi penye kisima cha Aris, karibu na Madina, pete ikaanguka kisimani. Walitafuta siku tatu, wakayateka maji yote ya kisima, wala hawakuipata. Fikiri, msomaji: hawakuitafuta kwa ajili ya thamani ya fedha yake. Waliitafuta kwa sababu pete ile ilibeba neno la mtu, na neno la mtu likiokotwa na asiyehusika laweza kutumiwa vibaya.

Kisa kingine ni cha Uingereza. Mwezi wa Desemba mwaka 1688, Mfalme James wa Pili alikuwa akiukimbia ufalme wake usiku. Alipokuwa akiuvuka mto Thames aliutupa majini Muhuri Mkuu wa dola, akitumaini kuwa pasipo muhuri huo serikali haitaweza kufanya kazi. Alikosea. Watawala waliomfuata walichongesha muhuri mwingine, na kazi ikaendelea. Visa hivi viwili huonekana kama vinapingana, lakini sivyo. Cha kwanza chatufundisha kwamba muhuri ni wa kulindwa. Cha pili chatufundisha kwamba nguvu ya muhuri haimo katika madini yake, bali imo katika imani ya watu kwa yule aushikaye. Imani ikiondoka, muhuri ni chuma tu.

Muhuri unaoujua wewe, ule wa mpira, ni kijana sana. Utomvu wa mpira ulijulikana na wenyeji wa Amerika ya Kati maelfu ya miaka iliyopita, nao waliufanyia mipira ya kuchezea. Lakini mpira mbichi una aibu mbili: joto huufanya unate, na baridi huufanya uwe mgumu na kukatika. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kuwa mpira ukichanganywa na kibiriti, yaani salfa, kisha ukapashwa moto mkali, huwa imara na kunyumbuka katika hali zote mbili. Alipata hati ya kumiliki uvumbuzi huo mwaka 1844. Katika miaka ya 1860 mihuri ya mpira ilianza kutengenezwa Marekani, na zaidi ya mtu mmoja amedai kuwa ndiye aliyeianzisha. Jambo la kuchekesha ni kwamba mafundi wa kwanza walitumia vyungu vya waganga wa meno, kwa sababu waganga hao walikuwa wakiunguza mpira wa namna hiyo ili kutengeneza fizi za meno ya bandia.

Mpira ukapendwa ulimwenguni, hasa baada ya mwaka 1888, John Boyd Dunlop alipofanya gurudumu la mpira lenye upepo. Kupendwa huko kulileta msiba katika Afrika. Congo ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji tangu 1885 hadi 1908. Wanavijiji walilazimishwa kuingia msituni kugema mitambaazi ya mpira, wakayaacha mashamba yao. Wake zao walishikwa rehani mpaka kiasi kilichotakiwa kitimie. Waliopungukiwa walipigwa au kuuawa, na mikono ya watu ilikatwa ili askari waonyeshe kuwa risasi zao hazikupotea bure.

Na uovu huo ulifichuliwa kwa karatasi. E. D. Morel alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Kiingereza. Alipokuwa akikagua hesabu huko Antwerp, aliona kuwa meli zilileta mpira na pembe kwa wingi kutoka Congo, lakini zilirudi na bunduki na risasi, wala si bidhaa za kununulia mpira ule. Hati zilimwambia yaliyokuwa yakifichwa: watu wa Congo hawakulipwa, walilazimishwa. Morel aliiacha kazi yake, na mwaka 1904, mwaka ambao taarifa ya Roger Casement juu ya mateso hayo ilitangazwa, akashiriki kuanzisha chama cha kuwatetea watu wa Congo. Hati za meli ziliandikwa kwa ajili ya faida, lakini kwa kuwa ziliandikwa sawasawa, ziligeuka kuwa mashahidi.

Nchi yetu nayo iliujua uzito wa karatasi. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwataka wanaume Waafrika wa Kenya wachukue kipande. Kilikuwa karatasi yenye alama za vidole vya mwenyewe na maandishi ya tajiri wake, ndani ya kikasha cha chuma kilichovaliwa shingoni. Kidole ni muhuri ambao hapana fundi aliyeuchonga. Lakini hapa mtu alipiga chapa ya mwili wake juu ya karatasi ambayo neno lake halikuwamo. Asipoandikiwa na tajiri kuwa ameachishwa kazi, hakuweza kwenda kutafuta nyingine, na akiondoka aliweza kushtakiwa. Harry Thuku na wenziwe walikilalamikia kipande hadharani, na kukamatwa kwake mwezi wa Machi 1922 kulileta maandamano na umwagaji wa damu mjini Nairobi. Hii ndiyo amana iliyopinduliwa: alama iliyobuniwa kulinda mali ya mtu ilitumika kumfanya mtu mwenyewe kuwa mali.

Baada ya hayo turudi kwenye utunzaji wa kwanza, maana asiyeweza kutunza chombo kidogo hataaminiwa kwa kikubwa. Ukimaliza kupiga muhuri wa mpira, usiuache na wino. Wino hukauka katika mifereji ya herufi, na safari ya pili chapa hutoka na madoa. Ufute kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo isiyo kali, kisha uukaushe. Usiuloweke majini, maana mti wa kipini huvimba na gundi huachia. Usiusafishe kwa petroli, mafuta ya taa wala mafuta ya kupikia. Mpira huyanywa mafuta, ukafura, na herufi zikapoteza umbo. Jua na joto ni adui wengine: hewa na mwanga huudhoofisha mpira, ukapasuka kama ardhi ya kiangazi. Usiulaze kifudifudi chini ya mzigo. Pedi ya wino nayo ifunikwe, ilazwe bapa, na iongezwe wino uliotengenezwa kwa mihuri ya mpira.

Karatasi pia ina desturi zake. Iweke mahali pakavu, juu ya sakafu na mbali na ukuta wa chokaa mbichi, kwa hofu ya mchwa na ukungu. Umeona jinsi gazeti linavyogeuka manjano likiachwa juani. Karatasi za kale zilifanywa kwa matambara na katani, nazo hudumu karne nyingi. Lakini tangu Mjerumani Friedrich Gottlob Keller alipobuni mwaka 1844 namna ya kusaga mti kuwa uji wa karatasi, tumepata karatasi nyingi na rahisi ambazo nyingine huliwa na asidi iliyomo ndani yake.

Ukitaka kuyahakikisha niliyoyasema, fanya kwa mikono yako. Chana karatasi zilizotupwa darasani, ziloweke usiku mzima, zitwange katika kinu, uchote uji kwa chekeche ya wavu, ulaze utando juu ya kitambaa, uukandamize na kuuanika. Utakuwa umefanya kazi ya Cai Lun. Kisha chonga ua au nyota katika kiazi kilichokatwa au katika kifutio, ukikumbuka kuchonga kinyume ili chapa itoke sawa, nawe utakuwa na kadi ya kumpelekea mama au mwalimu. Lakini usijaribu hata siku moja, kwa mzaha au kwa shida, kuchonga muhuri wa shule au wa ofisi. Kisu kitakutii, na chapa huenda ikafanana. Bali utakuwa umesema kwa kinywa cha mtu mwingine jambo ambalo hakulisema, na sheria itakuuliza.

Mwaka 2020 Bunge la Kenya lilipitisha sheria iliyoyaondolea makampuni ulazima wa kutia muhuri wa kampuni katika hati zao, na sahihi za kompyuta zikatambuliwa. Yamkini siku moja muhuri wa mpira utakaa katika makumbusho karibu na vijiwe vya Iraki. Hata hivyo, atakayebonyeza sahihi ya kompyuta ataulizwa swali lile lile alilokuwa akiulizwa mlinzi wa ghala la nafaka: je, unayoyathibitisha ni kweli? Wewe unayesoma leo huenda kesho ukawa karani, mwalimu mkuu, mganga au hakimu, na mtu ambaye humjui atasimama mbele ya meza yako akiingojea chapa yako. Usafishe muhuri wako, uufungie, na usiupige juu ya jambo ambalo hukulisoma.