Muuza Maziwa Aliyefufua Bia Iliyokufa

Ukiiona bia nyeupe ya Kibelgiji kwa mara ya kwanza unaweza kudhani imeharibika. Ina ukungu kama maji yaliyooshea mchele, rangi ya njano iliyopauka, na povu jeupe zito juu. Wala haijaharibika, ndivyo inavyotakiwa iwe. Ukungu huo unaletwa na ngano ambayo haijaoteshwa kuwa kimea. Ukinusa unakutana na giligilani na maganda makavu ya chungwa, maana navyo vinatiwa humo.

Leo bia hiyo ipo baa kibao duniani, na wanaopika bia nyumbani wanaipenda kinoma. Wasichojua wengi ni kwamba kuna kipindi ilikufa. Aliyeirudisha ni jamaa mmoja tu, tena muuza maziwa.

Stori inaanzia Hoegaarden, kamji kadogo mashariki ya Brussels. Karne ya 18 mji huo ulikuwa na viwanda vya bia zaidi ya 30! Baadaye zikaja bia za laga, zile zinazong'aa kama kioo, na watu wakahamia huko. Viwanda vikaanza kufungwa kimoja kimoja. Mwaka 1957 kile cha mwisho nacho kikafunga milango. Ikawa ndiyo basi tena.

Sasa huyu jamaa alikulia jirani na kiwanda hicho cha mwisho, na ujanani alikuwa akienda kusaidia kazi. Chuo cha kutengeneza bia hakwenda. Ila pua na ulimi wake vilikuwa vimeshika kila kitu. Baada ya miaka kadhaa ya kusikia watu wakiililia bia yao, mwaka 1966 akaanza kuipika kwenye dari la kuhifadhia nyasi kavu, pale pale kwake.

Hebu fikiria ugumu wa hiyo kazi. Umepika, umeonja, utajuaje kama umepatia? Ile ya kulinganishia haiuzwi tena popote mjini. Kipimo pekee ni kumbukumbu yako na ya majirani waliowahi kuinywa. Angechelewa miaka 30 au 40, wengi wa hao mashahidi wangeshazikwa nayo.

Mzigo ukakubalika, dari likawa dogo, kikazaliwa kiwanda kamili. Halafu mwaka 1985 moto ukakiteketeza. Pesa za kujenga upya zikatoka kwa kampuni kubwa ya bia, na mwisho wa siku kiwanda kikawa mikononi mwao. Mzee hakukubaliana na namna walivyotaka kuiendesha bia yake. Akafungasha, akavuka bahari mpaka Austin, Texas, na mwaka 1992 akaanza upya akiwa na miaka zaidi ya 65. Kiwanda cha huko nacho kikaishia kwa kampuni kubwa, kikafungwa. Alifariki 2011. Miaka sita baadaye familia yake ikakifungua tena hapo hapo Austin.

Mwaka ule ule wa moto, 1985, Marekani ulianza mpango wa kuwapima majaji wa bia za nyumbani. Siku hizi majaji hao wanatoa maksi 50: harufu 12, muonekano 3, ladha 20, inavyojisikia mdomoni 5, na 10 za jumla. Ukipeleka bia nyeupe uliyoipika jikoni kwako, wataangalia ukungu, watanusa giligilani, wataonja kama uchachu upo kwa mbali na uchungu haujazidi. Na kwenye mwongozo wao, kati ya bia zilizotajwa kama mfano wa kufuata, zipo zote mbili, ile ya Hoegaarden na ile ya Austin.

Kwa hiyo jaji akisema "hii umepatia" au "hii umekosea," anakupima kwa kumbukumbu ya muuza maziwa mmoja aliyekataa kusahau.

Na kwenu je? Kuna kinywaji au chakula cha bibi ambacho hakipikwi tena? Anayekikumbuka bado yupo? Kama yupo, mfuate mapema.