Nyumba yenye kasoro za ujenzi Kibenga: Je, mnunuzi mwenye fedha taslimu anaondoa tatizo?

Mtaa wa Kibenga, kusini mwa jiji la Bujumbura kuelekea Rumonge, una nyumba za kila aina: zipo za kifahari zinazotazama Ziwa Tanganyika, na zipo zilizojengwa polepole, chumba baada ya chumba, kadiri mfuko wa mwenyewe ulivyoruhusu. Baadhi yake zina kasoro ambayo mpita njia haioni: ghorofa iliyoongezwa bila kibali, ukuta uliovuka mpaka wa kiwanja, au msingi uliochimbwa karibu mno na maji.

Mwenye nyumba ya aina hiyo anapotaka kuuza kwa haraka, mnunuzi mwenye fedha mkononi huonekana kama mkombozi. Hasubiri mkopo wa benki na huahidi kuichukua nyumba kama ilivyo. Hata hivyo, fedha taslimu huharakisha malipo tu, hazifuti kosa. Kosa hubaki na nyumba, na mara nyingine humfuata muuzaji hata baada ya kuondoka.

Kosa linalorekebishika na lisilorekebishika

Ujenzi katika miji ya Burundi unaongozwa na sheria ya Agosti 2016 kuhusu mipango miji, makazi na ujenzi. Ofisi ya serikali inayosimamia eneo hilo ni OBUHA. Yeyote anayejenga au kubadilisha jengo mjini anatakiwa kuwa na kibali, na jengo linapaswa kulingana na michoro iliyoidhinishwa.

Kwa muuzaji, jambo la kwanza ni kujua kosa lake liko katika kundi gani. Kundi la kwanza ni la makosa yanayoweza kusahihishwa: chumba cha nyongeza ambacho hakikuombewa kibali, makazi yaliyogeuzwa duka, shimo la maji taka lililochimbwa pasipofaa, au hati ambayo bado ina jina la mzazi aliyefariki. Hapa kuna gharama na usumbufu, lakini njia ipo.

Kundi la pili ni la makosa ambayo mwenye nyumba hawezi kuyaondoa kwa kulipa ada. Sheria ya maji ya Machi 2012 inaweka ukanda wa mita 150 kutoka ufuko wa Ziwa Tanganyika kuwa eneo linalolindwa. Mito inayoshuka kutoka milimani kuingia ziwani nayo ina ukanda wake. Nyumba iliyo ndani ya mipaka hiyo inaweza kuwa imara na yenye kuta nzuri, na bado ikakabiliwa na amri ya kubomolewa.

Suala hilo limekuwa zito zaidi katika miaka ya karibuni. Tangu mwaka 2020 maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda mara kadhaa na kuingia katika mitaa ya kusini mwa Bujumbura, Kibenga ikiwemo, na pia Gatumba upande wa magharibi. Nyumba ambayo mwenyewe aliamini iko mbali na ufuko ilijikuta ikipakana na maji. Kwa sababu hiyo, umbali unafaa kupimwa upya na mpimaji anayetambuliwa, na si kukadiriwa kwa hatua za miguu au kwa mchoro wa zamani.

Hati pekee si kinga. Mwezi Agosti 2018, jijini Nairobi, mamlaka za Kenya zilibomoa majengo makubwa ya biashara yaliyodaiwa kusimama kwenye kingo za mito, likiwemo jengo la Ukay Centre katika eneo la Westlands. Wenye mali walikuwa wamewekeza fedha nyingi, na baadhi yao walishikilia kwamba walikuwa na nyaraka halali. Matingatinga yaliingia hata hivyo.

Kwa nini bei ya fedha taslimu huwa ndogo

Benki inapotoa mkopo wa nyumba huitaka nyumba hiyo iwe dhamana. Isipokuwa na hati safi, mkopo haupatikani kwa urahisi. Hivyo nyumba yenye kasoro hupoteza wanunuzi wote wanaotegemea benki na kubaki na kundi dogo la wenye fedha zao: wafanyabiashara, Warundi walio ughaibuni, au watu wanaonunua ili kukarabati na kuuza tena. Kundi hilo linajua kwamba halina washindani wengi, na hutoa bei inayolingana na ujuzi huo.

Ili kuona kama bei ni ya haki, hesabu rahisi inatosha. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mnunuzi anatoa faranga milioni 120 leo, ilhali nyumba kama hiyo yenye nyaraka kamili ingeuzwa kwa milioni 160. Ikiwa kurekebisha kasoro kutagharimu milioni 15 na miezi sita, muuzaji asiye na dharura anatupa milioni 25 kwa kukubali haraka. Lakini ikiwa kasoro ni ya mita 150 na haiwezi kurekebishwa, hakuna haja ya kuota bei ya milioni 160, kwa kuwa nyumba hiyo haitakuwa na nyaraka kamili kamwe.

Madalali, ambao wengi Bujumbura huwaita makomisioneri, hulipwa biashara inapokamilika. Haraka yao si lazima iwe faida ya mwenye nyumba.

Kunyamaza kuna gharama

Mauziano nchini Burundi bado yanafuata kwa kiasi kikubwa kanuni za mikataba za tarehe 30 Julai 1888, zilizorithiwa kutoka utawala wa kikoloni wa Ubelgiji. Katika mfumo huo muuzaji anamdhamini mnunuzi dhidi ya kasoro zilizofichika. Kasoro ambayo mnunuzi angeweza kuiona mwenyewe haimhusu muuzaji. Aliyeijua kasoro na kuificha, kwa upande mwingine, anaweza kudaiwa kurejesha bei pamoja na fidia.

Maneno "inauzwa kama ilivyo" humlinda muuzaji ambaye hakujua. Kwa aliyepokea barua ya onyo kisha akaiweka kabatini, hayatoshi. Ulinzi wake bora ni kinyume cha silika yake: kuandika kasoro ndani ya mkataba, kuambatanisha barua za mamlaka, na mnunuzi atie sahihi kwamba amezisoma. Bei inaweza kushuka, lakini mlango wa kesi hufungwa.

Sahihi ya mtaani haihamishi umiliki

Mauziano mengi hufanyika kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya mashahidi au kiongozi wa mtaa. Karatasi hiyo inaweza kuthibitisha kwamba fedha zilitolewa. Kwa kiwanja kilichosajiliwa haitoshi: mkataba unapaswa kuthibitishwa na noteri, kisha hati ya zamani ifutwe na mpya itolewe kwa jina la mnunuzi katika ofisi ya hati za ardhi.

Hapa ndipo wauzaji wengi wa nyumba zenye kasoro hunaswa. Mnunuzi anaweza kukwepa usajili kwa sababu hataki kasoro ionekane au hataki kulipa ada. Matokeo yake, miaka mitatu baadaye kitabu cha serikali bado kina jina la muuzaji. Wito wa mamlaka na dai la kodi huja kwa jina lake, na yeye hana tena nyumba wala funguo.

Noti mkononi nazo zina hatari

Mwezi Juni 2023, Benki Kuu ya Burundi ilitangaza kuondoa katika mzunguko noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la 2018. Wananchi walipewa siku 10 tu kuzipeleka benki. Aliyekuwa ameuza nyumba na kuweka malipo sandukuni alilazimika kukimbizana na muda.

Malipo kwa dola huleta ugumu mwingine. Kiwango rasmi cha kubadilisha fedha na kile cha soko la pembeni vimeachana mno, na mzozo kuhusu kiwango kipi kilikusudiwa unaweza kuvunja makubaliano. Aidha, sheria ya mwaka 2008 dhidi ya utakatishaji wa fedha inaruhusu maswali kuhusu chimbuko la kiasi kikubwa cha fedha. Malipo kupitia akaunti ya benki huacha ushahidi, na bado huhesabika kuwa malipo ya papo hapo kwa kuwa hayategemei mkopo.

Kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kupunguza ada pia ni mtego. Biashara ikivunjika, bei inayodaiwa mahakamani ni ile iliyoandikwa.

Kabla ya kutia sahihi

- Pata jibu la maandishi kutoka OBUHA kuhusu hali ya kibali, na kipimo kipya cha umbali kutoka ziwani au mtoni.
- Hakikisha hati ina jina la anayeuza, na kwamba mwenzi wa ndoa au warithi wameridhia kwa maandishi.
- Omba makadirio ya gharama ya marekebisho kabla ya kujadili bei.
- Orodhesha kila kasoro ndani ya mkataba, na taja nani atalipa faini au ubomoaji ukitokea.
- Lipana kupitia benki, na kiasi cha mwisho kitolewe siku umiliki unapohamishwa.
- Chukua nakala ya hati mpya kama ushahidi kwamba jina limebadilika.

Mnunuzi anayekubali masharti haya baada ya kuelezwa kasoro zote ni mnunuzi wa kweli. Anayetoweka alikuwa akitegemea kimya cha muuzaji, au muuzaji alikuwa akitegemea kutojua kwake. Kwa vyovyote, ni nafuu kuachana kabla ya funguo kubadilisha mikono kuliko kukutana tena mahakamani.