Kutoka ulanga wa Uluguru hadi wino wa seramiki

Ukiwa Mwanza unasubiri kivuko uende upande wa Sengerema, bila shaka utakuwa umeinamia simu. Ndani ya simu hiyo kuna mamia ya kapasita, nyingi ndogo kuliko punje ya ulezi, kazi yake kutunza chaji kidogo na kuiachia inapohitajika. Kila moja ina mabamba ya metali, na katikati kitu kisichopitisha umeme, yaani dailektriki.

Mwanzoni mwa karne ya 20 dailektriki iliyosifika ilikuwa ulanga, au mika, lile jiwe linalong'aa na kubanduka tabaka kwa tabaka. Wajerumani waliuchimba hapa hapa kwetu, kwenye milima ya Uluguru. Ila muuzaji mkubwa alikuwa India, na Vita Kuu ya Pili ilipofanya njia za bahari kuwa za hatari, watengenezaji wa redio na rada walianza kuhaha. Katika miaka hiyo ya vita watafiti wa Marekani, Umoja wa Kisovieti na Japani, kila mmoja kivyake, wakafikia kitu kilekile: bariamu titaneti. Namba inayoonyesha jinsi dailektriki inavyosaidia kutunza chaji ni kama 6 kwa ulanga. Kwa seramiki hii inavuka 1,000. Si mchezo!

Tatizo, seramiki ni ndugu wa chungu: lazima ichomwe, tena kwa nyuzi kama 1,300 za Selsiasi. Sasa ukitaka saketi inayokunjika, unaichoma vipi juu ya plastiki? Ile ya chupa ya maji inayeyuka kwenye 250 hivi.

Ndiyo maana watu wakageukia wino. Unachukua unga laini wa bariamu titaneti, unauchanganya na polima na kiyeyushi, unauchapa kama wanavyochapa nembo kwenye fulana, kisha unaukausha kwa joto dogo. Lakini bila tanuri punje hazishikani. Polima iliyo katikati yake, yenye namba ndogo, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya volteji, na ile 1,000 inaporomoka hadi makumi. Ukiongeza unga, punje zinagandana, vitundu vya hewa vinabaki, na tabaka linapasuka ukilikunja.

Mwaka 2007 watafiti wa Georgia Tech, Marekani, walizivalisha punje molekuli za asidi ya fosfoniki. Zikaacha kugandana, tabaka likatoka laini, likastahimili volteji kubwa. Namba yenyewe lakini ilibaki kwenye makumi.