Wine: miaka mingi ya kutafsiri

Ku soko ya Kituku mama wa Idjwi anasema Kihavu, mununuzi Lingala, na mutu katikati anatafsiri. Wine ni ule mutu. Mchezo wa Windows unaomba kitu, Wine inageuza ombi mu lugha ya Linux palepale.

Bob Amstadt na Eric Youngdale walianza 1993. Tangu 1994 Alexandre Julliard anaongoza. Microsoft haikutoa siri ya Windows, basi wakajaribu ombi moja moja, kama siye wanaagronomia na mbegu. Toleo 1.0 likatoka 2008. Mu 2018 Valve ikajenga Proton juu yake.

Siye wa mashini ya okazio, bila pesa ya leseni ya Windows, tunacheza juu ya uvumilivu wao.