Nafaka tatu za George Washington

Umewahi kuona togwa ikitengenezwa? Uji mzito wa mahindi ukipoa kidogo, unatiwa unga wa kimea cha ulezi. Baada ya muda uji unalegea na kuwa mtamu, bila sukari hata kijiko. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyomwingizia pesa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani.

Mwaka 1797, mwaka aliostaafu urais, meneja wake James Anderson, Mskoti aliyejua kukeneka pombe, alimshawishi atengeneze wiski shambani kwake Mount Vernon, Virginia. Mchanganyiko wao ulikuwa hivi: asilimia 60 rai (nafaka inayofanana na ngano), asilimia 35 mahindi, na asilimia 5 tu kimea cha shayiri.

Kwa nini hivyo? Ngano ilikuwa zao lake la biashara, unga wake ukauzwa hadi ng'ambo. Kuikeneka ingekuwa hasara. Rai na mahindi vilistawi papo hapo kwa gharama ndogo. Kimea nacho kina kazi: uloweke nafaka, usubiri iote, kisha uikaushe.

Lakini kukiacha kabisa haiwezekani. Hamira haili wanga, inakula sukari. Shayiri inapoota hutengeneza vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari, na habari njema ni kwamba vimeng'enya havibagui: vinakata wanga wake na wa jirani pia. Kimea kidogo kinahudumia pipa zima la nafaka za bei nafuu, kama kile cha ulezi kwenye togwa yako.

Mwaka 1799 kiwanda kilitoa karibu galoni 11,000, yaani lita 41,000 hivi. Machicha wakalishwa nguruwe na ng'ombe. Hakuna kilichopotea.

Ila usifunge hesabu mapema. Waliobeba maji, kukoroga mapipa na kuchochea moto walikuwa watumwa sita: Hanson, Peter, Nat, Daniel, James na Timothy. Nafaka ilikuwa rahisi, kweli. Lakini sehemu ya faida ile ilikuwa mshahara ambao wanaume hao hawakulipwa. Kwa hiyo ukisikia kitu ni cha bei nafuu, uliza pia: nafuu kwa nani?