Mbolea ya ruzuku nchini Kenya na safari yake hadi shambani

Kaunti ya Trans Nzoia, inayopakana na Uganda kwenye Mlima Elgon, ni miongoni mwa kaunti zinazotegemewa sana na Kenya kwa mahindi. Kila mwaka, kabla ya mvua za Machi na Aprili, wakulima wa huko huuliza mambo mawili: mbolea ni bei gani, na itafika lini?

Ruzuku si fedha taslimu

Serikali ya Kenya haimpi mkulima fedha mkononi. Hugharimia sehemu ya bei ya mbolea, naye mkulima hulipa iliyobaki. Mwaka 2022, baada ya vita kuzuka Ukraine, mfuko wa kilo 50 ulifikia takriban shilingi 6,500 za Kenya. Mwezi Septemba mwaka huo, serikali mpya ya Rais William Ruto iliushusha hadi shilingi 3,500, na mwaka 2023 bei ikapunguzwa tena hadi shilingi 2,500.

Usajili na vocha

Ili kupata bei hiyo, mkulima husajiliwa katika eneo lake, kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa kupitia machifu na wasaidizi wao vijijini. Huandikwa jina lake, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, ekari anazolima na zao lake. Zaidi ya wakulima milioni 5 wamesajiliwa kote nchini. Msimu unapokaribia, mkulima hupokea vocha kwa ujumbe mfupi wa simu, hulipa sehemu yake, kisha huchukua mbolea katika ghala la Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao au kituo kingine kilichoteuliwa.

Mbolea ya ruzuku hununuliwa na serikali kuu. Hata hivyo, kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, huduma za kilimo ziko mikononi mwa kaunti, nazo husaidia kufungua vituo vya ugawaji karibu na wananchi.

Nani hubaki nje?

Mkulima wa ekari mbili akitia mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa kila ekari, huhitaji mifuko minne, yaani shilingi 10,000 hata baada ya ruzuku, mbali na nauli na gharama ya kubeba mzigo. Asiye na fedha hizo wakati wa kupanda hanufaiki, ijapokuwa jina lake limo katika orodha. Aliyebadilisha nambari ya simu huenda asipate ujumbe. Na katika nyumba ambamo mume ndiye aliyesajiliwa, mke anayelima hulazimika kutegemea simu ya mumewe.

Mbolea bandia

Mwezi Machi 2024, msimu wa kupanda ukiwa umewadia, uchunguzi wa wanahabari ulifichua kuwa baadhi ya mbolea iliyouzwa kupitia mpango huo haikuwa mbolea halisi. Tarehe 2 Mei, Bunge la Taifa lilipiga kura ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Wabunge 149 waliunga mkono hoja hiyo, lakini kamati ya wabunge 11 iliyochunguza mashtaka ilimwondolea lawama. Mwezi Julai alipoteza wadhifa wake Rais alipovunja Baraza la Mawaziri.

Serikali iliahidi kuwafidia walioathirika kwa kuwapa mbolea nyingine. Lakini mahindi huhitaji mbolea ya kupandia mbegu inapotiwa ardhini, na mfuko unaotolewa baada ya hapo haurudishi mvua iliyokwisha kunyesha.

Kwa hiyo, bei nafuu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mfuko wenye mbolea ya kweli kufika karibu na shamba, kwa wakati, ukiwa kwa jina la yule anayelilima.